Majibu Mawili kwa Sayori

Mchezo unasimama. Msichana yuko mbele yako nje ya nyumba, machozi yanamlengalenga, ametoka kukuambia kwamba anakupenda na kwamba kukupenda kwenyewe kunamuumiza. Katikati ya kioo vinatokea visanduku viwili. Kimoja kinasema nakupenda. Kingine kinasema siku zote utabaki rafiki yangu mpendwa. Hakuna saa inayohesabu sekunde. Unaweza kuinuka, ukachemsha chai, ukainywa, ukarudi, na visanduku vitakuwa palepale vinakungoja.

Mchezo ni Doki Doki Literature Club, msichana ni Sayori, na nataka tukae kwenye visanduku hivyo viwili pamoja na siku chache zinazovizunguka. Nitafichua kila kitu, kwa hiyo anayetaka kuucheza kwanza aishie hapa. Ajue pia kwamba kisa hiki kina binti anayejiua. Mchezo wenyewe haufichi kwamba kuna jambo: ukiufungua tu unakuonya kuwa haufai kwa watoto wala kwa watu wepesi wa kufadhaika. Wengi tulilisoma onyo hilo, tukatazama wasichana wanne wenye nywele za rangi wakichekelea kwenye ukurasa wa mbele, tukadhani ni utani.

Ulitoka tarehe 22 Septemba 2017, bure, kwa ajili ya kompyuta. Walioutengeneza ni Team Salvato, kikundi kidogo cha Marekani chini ya Dan Salvato, ambaye kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa wachezaji wa Super Smash Bros. Melee kwa sababu ya kuuchokonoa mchezo huo na kuuongezea vitu ambavyo Nintendo haikuviweka. Hiyo si habari ya pembeni. Mtu aliyezoea kufungua tumbo la mchezo na kuona waya zake ndiye aliyekaa kuandika hadithi ya mapenzi, na hadithi yake ikatoka na waya zikining'inia nje.

Kwa asiyezijua hizi riwaya za picha: ni michezo ambayo kazi yako kubwa ni kusoma. Kuna mandhari iliyochorwa, mhusika amesimama mbele yake, muziki unapiga, maneno yanapita chini, nawe unabofya. Mara mojamoja unaulizwa ufanye nini au useme nini. Zimekulia Japani, na tawi lake la mapenzi lina kanuni zinazojulikana vizuri, kama zile za mchezo wa bao. Wewe ni mvulana asiye na sura ya kukumbukwa. Wasichana ni wanne au watano, kila mmoja na njia yake. Ukichagua vitu anavyovipenda, alama zinaongezeka kimyakimya nyuma ya pazia. Zikitosha, njia yake inafunguka, anakueleza siri yake, unamfariji, mwisho mwema.

Mfano uliozaa ndugu wengi ni Tokimeki Memorial ya Konami, mwaka 1994. Mle ndani ukimtelekeza msichana muda mrefu, anatokewa na bomu. Bomu kweli, la kuchorwa, kwenye ukurasa wa hali za wasichana. Likilipuka, maneno mabaya yanakuenea shuleni na wasichana wote wanakushusha hadhi. Ni ukatili wa kuchekesha, ila ni ukatili wa haki, ambao hata mhasibu anaweza kuukagua. Msichana ameumia kwa sababu hukumtembeza, na dawa yake ni kumtembeza. Miaka yote hiyo mchezaji wa michezo hii amefundishwa jambo moja: maumivu ya mtu ni deni, na deni linalipika kwa kumjali.

Sayori anakuja mikononi mwa mchezaji aliyefundishwa hivyo.

Ni jirani yako na rafiki yako wa utotoni. Hadithi inaanza asubuhi, unakwenda shule, naye anakuja mbio nyuma yako akikuita kwa sauti kubwa kwa kuwa amechelewa kuamka tena. Unamwonea aibu. Unamsema kidogo. Ndiye anayekuvuta ujiunge na klabu ya fasihi, ambako yeye ni makamu wa rais. Rais ni Monika, mrembo na mwerevu wa kila kitu. Wengine ni Natsuki, mdogo na mkali, na Yuri, mpole anayejificha nyuma ya vitabu. Anayeijua aina hii ya michezo anajua pia nafasi ya rafiki wa utotoni: ni yule anayetabasamu wakati mgeni anachukuliwa badala yake. Sayori ameandikwa ndani ya nafasi hiyo makusudi, na anaitumia kujificha.

Kila siku klabuni mnaandika shairi. Kwa mchezaji, kuandika shairi ni kuchagua maneno ishirini kutoka kwenye orodha zinazobadilika. Pembeni kuna vikaragosi vidogo vya Sayori, Natsuki na Yuri. Ukichagua neno, aliyependezwa nalo zaidi anaruka. Neno lenye utamu wa kitoto, Natsuki anaruka. Neno zito la vitabuni, Yuri anaruka. Monika hana kikaragosi. Hakuna anayeuliza kwa nini.

Sasa tazama maneno ya Sayori. Ndani ya akiba yake kuna sherehe, likizo, marafiki, kucheka. Ndani ya akiba hiyohiyo kuna kifo, msiba, maumivu, machozi, hata sonona yenyewe kwa jina lake. Unabofya sherehe, anaruka. Unabofya kifo, anaruka kwa furaha ileile, mikono juu. Mchezaji anayemtaka Sayori hujifunza haraka kwamba maneno ya furaha na ya huzuni yote ni yake, na anayachagua huku akijipongeza kwa kumwelewa. Hii kwangu ndiyo kazi safi kuliko zote katika mchezo mzima, kuliko hata vituko vya kutisha vinavyokuja baadaye. Umeambiwa. Siku ya kwanza kabisa umeambiwa kwa herufi kubwa, tena umeambiwa kwa njia ya zawadi, na kwa sababu ulikuwa unahesabu alama hukusoma neno.

Mashairi yake yanafuata mtindo huohuo. La kwanza ni la jua linalomwamsha kitandani, jepesi kama la mtoto. Linalofuata linahusu chupa: kichwani mwake ameweka fikra njema ndani ya chupa, rafiki akija akiwa na shida anampa moja, kisha nyingine, kisha nyingine, hadi vinabaki vipande vya vioo. Unalisoma, mvulana unayemchezea anashangaa kidogo kwamba Sayori anaweza kuandika vile, mnaendelea na maandalizi ya tamasha la shule.

Kabla ya tamasha Sayori anaanza kukaa pembeni. Siku moja anaondoka klabuni mapema, eti hajisikii vizuri. Unakwenda kwao, na chumbani mwake anasema. Amekuwa na sonona maisha yake yote. Unajua kwa nini huchelewa shule kila siku? Kwa sababu asubuhi nyingi haoni sababu ya kutoka kitandani. Ule mzaha wa ukurasa wa kwanza, ule wa kukuita huku anakimbia, umegeuzwa ndani nje katika sentensi moja. Anaeleza pia kwamba hakutaka ujue, kwa sababu ukijua utaanza kumhangaikia, na kuhangaikiwa kunamuumiza kuliko kuachwa. Anachotaka ni watu wote wafurahi.

Mvulana anamkumbatia, anaahidi atafanya lolote liwezekanalo. Ahadi tamu, ya mtu anayependa. Lakini angalia mazingira ya ahadi hiyo. Katika hadithi nzima hakuna mtu mzima hata mmoja anayetokea kwenye kioo. Hakuna mama wa Sayori, hakuna mwalimu, hakuna nesi wa shule. Michezo ya mapenzi siku zote huwafukuza wazazi, kwani wakiwepo vijana hawapati nafasi ya kutazamana. Baba yuko safarini, mama anafanya kazi mji mwingine, basi. Ni urahisi wa mwandishi tu, na kwa kawaida hauna madhara. Hapa una madhara. Binti ametamka jina la ugonjwa wake kwa sauti, na mtu pekee aliye katika ulimwengu ule wa kumsikiliza ni mvulana wa rika lake ambaye mwandishi amempa vifaa viwili: kumbatio na ahadi.

Kwa ajili ya tamasha unaulizwa nani utamsaidia Jumapili: Natsuki na keki zake, Yuri na mapambo yake. Majina ya Sayori na Monika yamo pia kwenye orodha. Ukichagua Sayori, unapingwa, inajadiliwa kidogo kwamba wao wawili hawana kazi ya kukuhitaji, na unarudishwa kuchagua upya. Inachukua nusu dakika na wengi hawaikumbuki. Mimi naiona ni ishara kubwa zaidi ya kile kinachokuja kuliko mashairi yote. Mchezo umekuonyesha jina lake, umekuacha ulibofye, halafu umekutoa mkono taratibu.

Jumapili mgeni wako anakuja nyumbani, Natsuki au Yuri, kazi inafanyika, mnakaribiana, na wakati wa kuagana mlangoni almanusura mbusiane. Hapo ndipo Sayori anatokea. Mgeni anaondoka. Sayori anasema amefurahi kuwaona mnavyopatana, ndicho alichokitaka, sasa kwa nini moyo unauma hivi. Anasema anakupenda. Visanduku vinatokea.

Ukichagua nakupenda, mnakumbatiana, naye analia. Anauliza mbona maumivu hayaondoki. Alidhani neno hilo likisemwa mawingu yatatawanyika, na hayajatawanyika. Ukichagua rafiki, anapiga ukelele na kukimbia. Matukio mawili yameandikwa kwa uangalifu, yana mizani tofauti kabisa, na mtu aliyecheza moja tu ataapa kwamba lingine ndilo lilikuwa sahihi.

Jumatatu ni siku ya tamasha. Sayori hajatokea njiani. Mvulana anawaza kwenda kwao kumwamsha, kisha anaona itakuwa kupita kiasi, amwache alale. Anakwenda shule. Darasani Monika anampa kijitabu cha mashairi ya klabu, na shairi la Sayori mle ndani halina jua wala chupa. Ni ombi moja linalorudiwarudiwa la mtu anayetaka kitu kitoke kichwani mwake. Mvulana anakimbia kurudi. Anafungua mlango wa chumba. Tumechelewa, amejiua.

Hali inakuwa hivyo ukiwa ulichagua kisanduku cha juu au cha chini. Hali inakuwa hivyo hata kama kila shairi ulilowahi kuandika lilimfanya yeye aruke.

Mvulana anaanza kujilaumu: angekaa naye zaidi, angemsindikiza shule. Anawaza kwamba huu si mchezo ambao anaweza kuuanza upya na kujaribu njia nyingine. Mchezaji, ambaye anajua fika kwamba ni mchezo, anafanya kile alichofundishwa tangu enzi za mabomu ya Konami: anatafuta mahali alipohifadhi ili arudi kwenye visanduku na kuchagua kile kingine. Hakuna kitu. Kumbukumbu zimefutwa zote. Anaanza mchezo upya, na mahali palipokuwa na jina la Sayori kuna herufi zilizovurugika. Katika folda ya mchezo, lile faili lililokuwa na jina lake halipo tena.

Wachambuzi wengi huishia hapa na kusema: uchaguzi ulikuwa wa uongo, na huo ndio ujanja wake. Mchezo umekudanganya kwamba una nguvu kisha umekupokonya. Usomaji huo si mbaya, lakini naona umesimama hatua moja kabla ya mlango.

Kwanza, uchaguzi wa uongo si ajabu. Mchezo huu umejengwa kwa Ren'Py, injini ya bure ambayo imewapa watu wengi wasio na fedha uwezo wa kutengeneza riwaya za picha tangu 2004. Ukiifungua utaona jinsi uchaguzi unavyoandikwa: menyu moja, mistari miwili, chini ya kila mstari mazungumzo yake, na mwishoni mistari yote miwili inapelekwa kwenye sura ileile. Karibu kila mwandishi wa michezo hii hufanya hivyo, maana kila tawi la kweli ni hadithi nyingine kamili ya kuandika, kuchora na kupigia muziki. Ufundi uko katika kuficha mshono: baadaye mhusika anakumbushia ulichosema, mchezaji anaridhika kwamba alisikilizwa. Salvato alichofanya ni kuuacha mshono wazi mahali ambapo unauma zaidi.

Pili, na hapa ndipo penye kisa, tazama kisanduku kimewekwa wapi na hakikuwekwa wapi. Umeulizwa utamwambia nini Sayori kuhusu mapenzi. Hukuulizwa Jumatatu asubuhi kama utapita kwao au hutapita. Uamuzi ule, wa kusimama njiani na kusema nitakuwa nimezidisha, acha alale, umefanywa na mvulana peke yake, kwa mstari wa mawazo unaopita kwa mbofyo mmoja kama maelezo ya hali ya hewa. Hukuulizwa pia kule chumbani kama kuna mtu mwingine wa kuambiwa. Mchezo unasimama na kukusubiri kwa heshima zote mahali ambapo jibu lako halina uzito, na unapita mbio mahali ambapo pengine lingekuwa nao. Nasema pengine, maana maradhi haya hayazuiwi kwa mtu mmoja kubisha hodi asubuhi moja, na anayemlaumu jirani kwa kutobisha hodi hajui anachokisema. Lakini kama mwandishi alitaka tu kutuonyesha kwamba hatuna nguvu, angeweka kisanduku pale njiani, na pande zote mbili zingeishia palepale. Hakukiweka. Amekiweka kwenye tamko la mapenzi kwa sababu ndipo michezo hii yote inapokiweka.

Visanduku vyote viwili, ukivisoma vizuri, vinajibu swali moja: mimi ni nani kwako. Mpenzi, au rafiki. Sayori ameleta ugonjwa, mchezo umeupokea kama posa. Hakuna kisanduku kinachomuuliza yeye chochote. Ndiyo maana majibu yote mawili yanashindwa kwa namna moja ingawa yanaonekana kama usiku na mchana. Anayesema nakupenda na anayesema rafiki wote wanazungumzia uhusiano, na kilichomsimamia binti yule kichwani hakikuwa uhusiano.

Sisi wa Kiswahili hatuna haki ya kushangaa sana. Sikiliza taarabu, sikiliza bongo fleva ya leo: mpenzi ni tabibu, mpenzi ni daktari, busu ni dozi, mtu anaumwa na hospitali hawaoni kitu mpaka fulani aje. Ni tamathali nzuri na siombi ifutwe. Lakini imekaa nasi kiasi kwamba mtu akija na maradhi ya moyoni ya kweli, tunamtafutia mpenzi. Ataolewa atatulia. Apate mtu wa kumliwaza. Na akishindwa kuliwazika, tunamwambia apige moyo konde. Mvulana wa mchezo huu ni wa Japani ya kubuni iliyoandikwa Marekani, ila angekaa barazani kwetu angeeleweka bila mkalimani.

Kuna pingamizi zito, nalo linatoka ndani ya mchezo wenyewe. Mbele zaidi unakuja kujua kwamba Monika anajua wote wamo ndani ya mchezo, kwamba yeye hana njia yake wala kikaragosi, kwamba anakutaka wewe uliye mbele ya kompyuta, na kwamba amekuwa akiyachezea mafaili ya wenzake. Sonona ya Sayori aliizidisha yeye kwa mkono wake. Kwa hiyo kumbe mwenye kosa yupo, ana jina na uso, na mchezo unakupa hata njia ya kumwadhibu: unakwenda kwenye folda, unalifuta faili lake, anatoweka.

Kama mbinu ya kutisha ni kali sana. Kama maelezo ya kifo cha Sayori inanikera. Maradhi aliyoyaeleza chumbani kwa maneno ya kawaida kabisa, yasiyo na mzimu wala uchawi, yanapewa mchawi. Kila familia iliyowahi kumpoteza mtu kwa namna hii inajua jinsi watu wanavyokuwa na hamu ya kumpata mchawi, na mchezo ambao ulikuwa umethubutu kutunyima faraja hiyo unaturudishia baada ya saa chache. Wapo wanaotetea kwamba Monika alizidisha tu kitu kilichokuwapo, na kwa maandishi hawajakosea. Lakini mchezaji anapolifuta lile faili hafikirii kuzidisha. Anafikiri amelipiza.

Jambo la kuupunguzia mchezo lawama ni kwamba waandishi wenyewe walirudi pale. Toleo la Doki Doki Literature Club Plus, lililotoka 30 Juni 2021 kwa ushirikiano na Serenity Forge, limeongeza hadithi za pembeni ambamo wasichana wale wanne wanaanzisha klabu yao katika ulimwengu usio na mauzauza. Mvulana hayumo kabisa. Sayori yumo, na hali yake ni ileile, ila anaongea na wasichana wenzake wanaochoka, wanaokosea, wanaoudhiana na kurudiana, na hakuna anayemlipia deni kwa alama. Mazungumzo yanakwenda polepole, mengine yanachosha kidogo. Toleo hilo pia linakuruhusu kuwasha maonyo yanayotokea kabla ya sehemu nzito, na nadhani lilipaswa kuwa hivyo tangu 2017.

Limebaki jambo moja ambalo wachezaji wengi hawakulikuta mara ya kwanza. Katika mchezo wa asili kuna mwisho wa pekee, na sharti lake ni gumu: kabla Sayori hajafa, katika mzunguko uleule, uwe umeona matukio ya karibu ya Sayori, ya Natsuki na ya Yuri. Kwa njia moja haiwezekani. Inabidi uhifadhi, uende na mmoja, urudi nyuma, uende na mwingine, urudi tena, wakati mafaili yako bado hayajafutwa. Ukifanya hivyo, baada ya Monika kuondoka na Sayori kuchukua kiti cha rais, anakushukuru kwa kuwapa wote muda wako, kisha mchezo unakwisha.

Alichokihesabu mchezo si jibu ulilotoa pale nje ya nyumba. Hilo halimo kwenye sharti. Unaweza kuwa umesema nakupenda au rafiki, shukrani ni ileile. Kilichohesabiwa ni saa ulizokaa na kila mmoja wao bila kumfukuzia yeyote hadi mwisho wa njia yake, jambo ambalo kanuni za michezo hii huliona ni kupoteza muda. Na bado, kwa kulifanya hilo lote, hukumwokoa. Atakufa Jumatatu ileile, asubuhi ileile, nawe utapita njia ileile kwa mbofyo uleule. Wako wanaoona mwisho huo ni zawadi ya kupaka mafuta kidonda. Mimi naona ni mahali pekee ambapo mchezo unakubali kutenganisha kumjali mtu na kumponya, na naukubali zaidi ya ule ujanja wa kufuta faili uliowapa umaarufu.